Mbwa mkubwa wa miaka 5 kutoka kituoni: atatuzoea, au tumechelewa?

SWALI: Daktari, sisi tunakaa Kilobelobe, hapa Lubumbashi. Wezi wameruka ukuta mara mbili tangu mwaka uanze, na baba watoto anataka mbwa. Kwenye kituo kinachopokea mbwa walioachwa tumeona dume moja kubwa, mchanganyiko wa mbwa wa Kijerumani, wale wa polisi. Wanasema ana miaka kama 5 na kilo zaidi ya 40. Familia iliyomlea ilirudi Ulaya ikamwacha. Ametulia, alikuja akaninusa mkono. Lakini jirani ananiambia mbwa mzima hamsahau bwana wake wa kwanza, bora nichukue mtoto wa mbwa nimlee mwenyewe. Baba watoto anasema mchana tutamfunga mnyororo, usiku tunamfungua. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 10, na mama mkwe anaishi nasi, anaogopa mbwa sana. Tumchukue au tuache?

JIBU: Mama, mchukueni, ila kwa masharti mawili. Mnyororo usiwepo kabisa. Na mumpe miezi ya kuzoea kabla ya kumdai kazi ya ulinzi. Kama mojawapo haliwezekani kwenu, mwacheni apate nyumba nyingine, nanyi mtafute njia nyingine ya kulinda lupango yenu, yaani uwanja wenu wenye ukuta. Sasa nieleze, maana ndani ya swali lako kuna maswali kama manne, na lile la mnyororo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote.

Nianze na jirani. Hayo anayosema nayasikia mji mzima, kuanzia Katuba hadi Golf, na nusu yake ni kweli. Mbwa hasahau. Huyo dume atawakumbuka waliomlea, na siku akisikia sauti yao atawatambua. Lakini kukumbuka hakumzuii kuwapenda watu wengine. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, mjini Budapest, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mbwa wazima waliokuwa wakiishi vituoni. Mtu ambaye mbwa hamjui alikaa naye mara 3 tu, dakika 10 kila mara: anamshika, anatembea naye, anacheza naye. Walipowapima baadaye, mbwa hao walikuwa wameshamshikilia yule mtu kama mtu wao: wanamtafuta akitoka, wanamkimbilia akirudi, na mgeni hawamfanyii hivyo. Jumla ni nusu saa. Mbwa aliyeachwa ana njaa ya mtu, na njaa hiyo haiishi kwa sababu ametimiza miaka 5.

Kuhusu mtoto wa mbwa, hapo napingana na jirani waziwazi. Wale wadogo wanaouzwa kando ya barabara, wengi wameachishwa ziwa mapema na hawana chanjo hata moja. Wanakuja kwetu wanatapika na kuhara damu, na baada ya siku chache wamekufa, huku watoto wa nyumbani wameshawapa jina. Ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Virusi vyake vinakaa udongoni miezi mingi, hata kupita mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui, vinahitaji javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Ukinunua mtoto mwingine ukamweka palepale, naye unamzika. Halafu hata akipona, mnayemhitaji sasa atakuwa bado anatafuna viatu. Mbwa wa aina kubwa hachukui tabia yake ya utu uzima kabla ya mwaka mmoja na nusu au miwili, na siku unamnunua muuzaji atakuapia kila kitu. Huyu wa miaka 5 unamwona alivyo: kimo chake, sauti yake, anavyowatazama watoto. Yote yako mbele yako, hakuna wa kukubahatishia.

Kasoro moja ya umri nikwambie mapema. Mbwa wa mwili huo kwa kawaida wanafika miaka 9 hadi 12 au 13. Mkibahatika mtakuwa naye miaka 7 au 8, na watoto wako watamzika wakiwa bado nyumbani. Wajue.

Sasa, kukunusa mkono ni dalili nzuri, lakini haitoshi kumpa mtu jibu. Mbwa akiingia kituoni anaogopa: kelele, harufu za wengine, sakafu asiyoijua. Watafiti wa Marekani waliopima damu ya mbwa wa kituo mwaka 1997 walikuta homoni ya hofu, kotisoli, iko juu zaidi katika siku 3 za kwanza. Wapo mbwa ambao hofu inawafanya wabweke, na wapo ambao inawanyamazisha. Anayenyamaza watu wanamwita mpole, kumbe amejifunga tu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wahudumu liwe: yuko hapa tangu lini? Akiwa na wiki kadhaa pale, unachokiona kiko karibu na ukweli. Akiwa na siku mbili, subiri urudi.

Rudi mara nyingine, saa tofauti, bila watoto. Omba mhudumu amtoe nje kwa kamba. Simama ubavu, usimkodolee macho, usimpitishie mkono juu ya kichwa. Mwache aje. Angalia mgongo wake: mbwa aliyelegea anapotikisa mkia, kiuno chote kinakwenda nao, mdomo uko wazi kidogo, masikio hayajakazwa. Mbwa ambaye mkia umesimama juu na unatetemeka kidogo, mdomo umefungwa, mwili umekaza kama ubao, huyo hafurahi hata kama mkia unacheza. Akishakunusa, mkune kifuani sekunde tatu, kisha acha na urudishe mkono. Hapo ndipo mahali pa kuangalia kwa makini. Akisogea na kukusukuma kwa pua ili uendelee, amekuchagua. Akigeuza kichwa, akilamba midomo wala hakuna chakula, au akipiga mwayo, anakwambia kwa heshima kwamba imetosha. Si mbaya, ni taarifa, na utaona kama mara ya pili anabadilika. Akikaza mwili na kukutazama pembeni mpaka weupe wa jicho unaonekana, usiendelee siku hiyo.

Mwombe mhudumu amwekee chakula mbele yako, wewe uko mbali. Mbwa mwenye shida na chakula chake anaganda juu ya bakuli mtu akipita, au anaanza kumeza haraka haraka bila kutafuna. Kwa nyumba ya watu wazima watupu hilo linaweza kushughulikiwa. Kwa nyumba ya mtoto wa miaka 6, ningekwambia uangalie mwingine.

Watoto waje siku ya tatu, wakae nje ya wavu kwanza. Wazungumze, wasimame, watembee. Akiwafuata kwa mwili laini na kuwanusa kupitia wavu, vizuri. Mmoja akikimbia, mbwa yeyote atageuza kichwa. Unachotafuta ni kama anarudi kutulia au anaganda na kumkodolea. Anayeganda, hapana, hata kama moyo wako umeshampenda.

Waulize pia wahudumu waliyoambiwa na familia ile: kulikuwa na watoto? Amewahi kuuma? Alilala ndani au nje? Na walizungumza naye lugha gani? Kama alifundishwa kwa Kifaransa, andika yale maneno aliyozoea, mkimfikisha nyumbani muyatumie wiki za kwanza, kisha mtamke la kwake na la kwenu pamoja mpaka aelewe «kaa» na «kuya hapa». Jina lake msilibadilishe. Ndicho kitu pekee anachokuja nacho.

Tufike kwenye mnyororo. Nia ya baba watoto ni njema, na amekuta baba yake anafanya hivyo, kama wengi wetu. Lakini naomba asome hapa mwenyewe. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Denver, Marekani, uliolinganisha mbwa waliouma na wenzao ambao hawakuuma. Mbwa waliofungwa mnyororo uani walionekana zaidi upande wa waliouma, karibu mara 3. Madume yasiyohasiwa pia. Sababu yenyewe haihitaji chuo kikuu kueleweka. Mbwa akiogopa ana njia mbili, kuondoka au kupigana, na mnyororo umeshamnyang'anya moja. Kutwa nzima anaona miguu inapita, mpira unagonga lango, watoto wa jirani wanachungulia na kumrushia mawe, naye hawezi kwenda kunusa akajua nani ni nani wala hawezi kujificha. Kila kinachopita kinakuwa adui. Siku mpira wa mtoto wako umebingirika ndani ya duara lake, mtoto anauendea tu.

Na usiku anapofunguliwa? Ametoka na hasira ya mchana kutwa, mipaka ya lupango haijui, mlango wa nyumba haujui, zamu wenu, yaani mlinzi wa usiku, ni mgeni kwake. Mbwa wa namna hiyo anamuuma zamu au anaruka ukuta na kwenda kumuuma mpita njia. Hapo msidhani ni bahati mbaya isiyo na mwenyewe. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado ndiyo msingi wa sheria yetu ya madai, inasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama anajibu kwa madhara ya mnyama wake, awe chini ya ulinzi wake au awe ametoroka. Kusema «aliruka» hakukuokoi.

Kisha kuna suala la ulinzi wenyewe. Mwizi anajua kupima urefu wa mnyororo kuliko mwenye nyumba. Anachokiogopa ni kelele na taa, kwa sababu vinaamsha watu. Kwa hiyo kazi mnayomtaka mbwa aifanye ni kubweka pale panapostahili, na ili abweke panapostahili lazima awajue wa nyumbani: nani anarudi saa ngapi, kikohozi cha baba watoto, hatua za zamu, sauti ya gari lenu. Asiyewajua wenyewe atabwekea kila mtu, na baada ya mwezi hakuna atakayeamka. Mbwa anayelala barazani karibu na mlango, aliyeshiba, anayepita huku na huku ndani ya lupango, huyo ndiye mtasikia sauti yake ikibadilika usiku na mtajua kuna kitu.

Mtahitaji mahali pa kumweka kwa muda: gari linapoingia, mafundi wakiwepo, wageni wa msiba au wa harusi wakijaa. Tengenezeni kibanda chenye uzio wa wavu imara, mita 3 kwa 4 hivi, chenye kivuli, maji, na sehemu kavu ya kulala. Akae humo kwa saa chache, si kutwa. Mwezi wa 10 jua la hapa linachoma, na mbwa mwenye manyoya mazito anaweza kufa kwa joto kwenye bati lisilo na hewa. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku kuna baridi kali, hapo anataka gunia au blanketi chini, asilale kwenye simenti tupu.

Siku ya kumleta, chagueni asubuhi ya siku ambayo nyote mko nyumbani na hakuna sherehe. Mwingizeni akiwa na kamba, azunguke ukuta wote polepole, anuse. Mwonyesheni maji na kona ya haja. Watoto wa mtaa watakusanyika langoni kumtazama. Waombeni warudi wiki nyingine. Usiku wa kwanza anaweza kulia, kukataa chakula, kuhema bila kazi, au kukufuata kila unapokwenda hadi choo. Wahudumu wa vituo vya Marekani wana kipimo chao cha siku 3, wiki 3 na miezi 3: siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kujua ratiba ya nyumba, miezi 3 za kuanza kujiona yuko kwake. Si sheria, lakini kwa ninavyoona hapa kinakaribia ukweli. Jihadharini na wiki ya tatu au ya nne. Yule mpole wenu ataanza kubweka, kuiba mkate mezani, pengine kumngurumia mtu anayemsogeza kitandani kwake. Watu wengi wanarudisha mbwa wakati huo, wakisema amebadilika. Ameanza kupumua tu. Ni wakati wa kumfundisha kwa utulivu na vipande vya chakula, bila fimbo.

Akinguruma, asipigwe. Kunguruma ni onyo. Ukimpiga kwa onyo, utampata mbwa anayeuma bila kuonya.

Zamu amzoee mchana kabla hajamkuta usiku. Akae naye, amrushie chakula kwa mkono wake siku kadhaa, amtembeze pamoja na baba watoto. Zamu wenu akibadilishwa, rudieni upya na mwingine. Na lango: mbwa wengi hupotea dakika lile gari linapoingia, kwa hiyo mmoja afungue na mwingine amshike, mpaka azoee kukaa. Mkanda wa shingo uwe na namba ya simu. Mvua zikianza, kuanzia mwezi wa 11, muangalieni na radi. Nimeona mbwa wa kilo nyingi akipanda ukuta ambao siku ya jua asingeujaribu, kwa hofu ya ngurumo tu. Wingu likitanda mwingizeni chumba cha ndani, funga pazia, kaa naye. Kumtuliza hakumzidishii woga.

Watoto wako wanataka kanuni chache zisizobadilika. Asiguswe akila, asiguswe akilala, asikumbatiwe shingoni, asipandwe mgongoni. Mtoto wa miaka 6 asibaki naye peke yake hata dakika moja, hata baada ya mwaka, na kamba asiishike yeye: mbwa wa kilo 40 akimwona paka, mtoto anaburutwa. Wa miaka 10 anaweza kumlisha ukiwa umesimama pale, na kumfundisha kukaa. Watoto wa umri huo wana subira kuliko sisi.

Mama mkwe sasa. Naomba asilazimishwe kumgusa na asichekwe. Wazee wengi wa hapa wamewahi kumwona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa, na aliyeona mara moja hasahau. Mpeni uhakika wa vitu viwili: mbwa haingii chumbani kwake wala jikoni anapopika, na kila anapovuka uwanja kuna mtu ameshika kamba, mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Akitaka, amrushie kipande cha chakula kutoka mbali, kwenye kiti chake, kila siku saa ileile. Wengi huanzia hapo. Kingine ni uzito tu: mbwa mkubwa akimrukia mzee kwa furaha anamvunja nyonga, kwa hiyo kutoruka ndilo somo la kwanza la mbwa huyu, kabla hata ya «kaa». Akiruka, kila mtu amgeuzie mgongo na kunyamaza; miguu 4 ikiwa chini, ndipo asemeshwe. Mkikubaliana nyote, anaelewa. Mmoja akimchekea anaporuka, haelewi.

Na kwa kuwa nimetaja kichaa cha mbwa, hapa sitafupisha. Ugonjwa huu bado uko Kongo. Shirika la Afya Duniani linasema katika wanadamu, visa 99 katika 100 vinatoka kwa mbwa, na karibu 4 katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa anakufa. Lakini chanjo inazuia, kwa mbwa na kwa mtu. Msimtoe kituoni bila karatasi inayoonyesha tarehe ya chanjo. Kama haipo, achanjwe siku hiyohiyo, na wiki 4 za kwanza asikutane na mbwa wa nje, kwa sababu kinga inajengeka polepole. Kisha kila mwaka. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, na mbwa yeyote hata wenu mwenye chanjo: oshea kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kwa saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo. Msiweke pilipili, majani, wala mafuta ya breki. Mbwa aliyeuma asiuawe; afungiwe na aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo, hakuwa na virusi mateni alipouma, na hilo linawasaidia madaktari kuamua juu ya mtoto wako.

Chakula kinawatisha wengi kuliko inavyostahili. Mbwa wa kilo 40 asiye na kazi nzito anashiba kwa gramu 250 hadi 300 za unga mkavu wa mahindi uliopikwa bukari (ugali), pamoja na nusu kilo ya nyama za bei ndogo: mapafu, utumbo, moyo, au dagaa. Nyama za ndani zichemshwe mpaka ziive kabisa, kwani mapafu na maini mabichi yanaweza kuwa na vifuko vya viluwiluwi vya minyoo inayokua ndani ya mbwa na baadaye kuwapata watu wa nyumbani. Ongezeni kijiko kidogo cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, kwa ajili ya mifupa yake. Chumvi kidogo, pilipili hapana, vitunguu hapana kabisa, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana.

Hapa kuna jambo ambalo nalisema kila mahali. Unga ulioota ukungu, ule ambao mnaona haufai kwa watoto, usimpikie mbwa. Ukungu wa mahindi unatoa sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mbwa wanaumia nayo haraka kuliko wanyama wengi wa nyumbani. Anaacha kula, anatapika, macho na ufizi vinageuka manjano, na mara nyingi anakuja kwetu muda umeshapita. Watu wanadhani amelishwa sumu na jirani, kumbe ni gunia la stoo.

Mlishe mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, asikimbizwe baada ya kula. Mbwa wenye kifua kirefu kama chake tumbo linaweza kujaa hewa na kujisokota. Utaona tumbo limevimba na kuwa gumu, anajaribu kutapika na hakuna kitu, mate yanamtoka, hatulii. Hiyo si ya kungojea asubuhi. Ni saa, si siku.

Kupe ni wengi kipindi cha mvua, nao wanaingia hata kwenye nyufa za kuta za kibanda. Mkagueni mwili kwa vidole kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole vya miguu. Ufizi mweupe, mkojo mwekundu au wa kahawia, damu puani, uchovu: mlete. Dawa zipo na zinafanya kazi mkiwahi.

Kuhasiwa naona ni jambo jema kwake kama bado. Wanaume wengi hapa wananiambia mbwa aliyehasiwa halindi. Anabweka vilevile, anachopunguza ni kutoroka kufuata majike mitaa mitatu.

Na wezi wanarusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Kila asubuhi mmoja apite kando ya ukuta kabla mbwa hajaachiwa upande huo. Mkimkuta anatetemeka, mate yanatoka kwa wingi na misuli inakatakata, msimnyweshe maziwa wala mafuta, maana yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni kwa daktari, na kilichobaki cha ile nyama mkibebe kwenye plastiki.

Kabla ya kusaini chochote kituoni, ombeni muda wa majaribio, wiki mbili au mwezi, na ahadi kwamba mkimkuta hafai kwenu watampokea tena. Kituo chenye kujali kitakubali, na mara nyingi kitafurahi kuulizwa.

Siku ya kumchukua mpitisheni kwa daktari wa wanyama kabla hajafika Kilobelobe. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Tiba ya Wanyama, na wako madaktari wengi mjini waliosomea hapo. Leteni karatasi ya chanjo, mavi yake ya asubuhi hiyo kwenye kifuko ili tutazame minyoo, na mtu mzima mwenye mkono wa nguvu wa kushika kamba. Watoto wabaki nyumbani na bibi yao, wasafishe ile kona ya barazani.